Kabla ya kutuletea ndege ya vita, tujengeeni paa kwanza

Ndugu Mhariri,

Kamwene. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua barua ni nyingi na nafasi ndogo lakini hili jambo limekuwa gumzo huku kwetu na naona linaenda kombo kabla hata halijaanza. Kuna watu, wengine ni watu wazima na heshima zao, wanasema ingependeza sana Mbeya au Iringa tutafutiwe ndege ya zamani ya kivita, zile zilizokwisha kustaafu, iwekwe kwenye kipilefti imeinua pua juu, ipigwe rangi ya nguvu, watu wapige selfi mji upate sura. Kila nikikaa kijiweni naisikia hii habari na kila anayeisema ameshachagua mpaka rangi.

Mimi ni fundi bodi. Kazi yangu kunyoosha magari na kupiga rangi, gereji ipo Ilomba, na ikitokea tenda ya kuifanya hiyo ndege iwe mpya basi kuna uwezekano simu ikaita kwangu au kwa jamaa zangu wa jirani. Kwa hiyo hiki ninachosema kinanigusa mfukoni mwenyewe: msitupe sisi hiyo kazi, angalau sio kwa namna tunavyofanya magari. Na kama hakuna paa msiilete kabisa, iacheni huko iliko.

Msinielewe vibaya, sio kwamba sitaki tuwe nayo. Naitaka kuliko wao. Vita vya Kagera vilianza Oktoba 1978, ndege za Amin zikaja kupiga Bukoba, daraja la Kyaka likavunjwa, na mwaka 1979 Gaddafi wa Libya, aliyekuwa upande wa Amin, akaleta hadi ndege yake kubwa ya kudondosha mabomu, Tu-22, kuja kupiga matenki ya mafuta Mwanza, wakakosa, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua swala. Swala! Mtoto wa sekondari wa hapa Mbeya ukimwambia hayo anakuangalia hivi anadhani unamchota. Huku kusini tulikuwa mbali na mpaka ule lakini vijana wa huku walikwenda, tena wengi tu. Baba yangu mdogo alikwenda, alirudi na mguu mmoja mbovu, na hadi leo ndege ikipita chini chini anaacha kula kwanza, anasikiliza, ikishapita ndo anaendelea na ugali wake, wala hasemi kitu. Mtu kama huyo ukimpeleka mbele ya MiG, ile ndege ya kivita ya Kirusi anayoijua, na wajukuu wakiwepo, hayo ndo makumbusho bwana.

Tena ile ndege yenyewe ina stori ndani yake ambayo ukiifuatilia utacheka. Ndege zetu nyingi za wakati ule zilitoka China, nchi ile ile iliyotujengea reli ya TAZARA. Ile aina ya MiG-17 Mchina aliinakili kwa Mrusi. Na injini ya Mrusi ilitokana na injini ya Rolls-Royce inaitwa Nene, ambayo Waingereza wenyewe waliwauzia Warusi miaka ya 1946 na 1947, yaani vita kuu imeisha juzi juzi tu halafu wanampa injini mtu ambaye muda si mrefu wanakuja kutunishiana misuli naye. Kwa hiyo injini imetoka Uingereza, ikapita Moscow, ikapita Beijing, ikaja Tanzania kupigana na jeshi la Amin ambaye naye alikuwa na MiG. Mwalimu wa historia akipata hiyo injini imepasuliwa upande mmoja wanafunzi waone ndani, kipindi kizima hahitaji ubao.

Sasa nirudi kwenye shida yangu.

Ndege moja ya zamani nimeiona kwa macho yangu, imewekwa nje getini mahali fulani, sitapataja maana sina ugomvi na wenye nayo. Kwa mbali imependeza kweli, imepigwa rangi ya nyumba, nyeupe na bluu. Ukisogea ndo unaona. Matairi yamekaa yamepasukia pembeni, uzito wote umelalia rimu. Kile kioo cha juu kwa rubani, ambacho sio kioo ni plastiki, kimekuwa cheupe kina nyufa ndogo ndogo nyingi huoni chochote ndani. Kile kibomba cha mbele kinachopima mwendo nyigu wamejenga. Nikapiga magoti nikaangalia tumboni, vile vitundu vya chini ambavyo kiwanda kiliweka ili maji yatoke, vimezibwa na rangi ile ile ya nyumba, nikagonga kwa ngumi nikasikia maji yanacheza ndani wakati mvua ilikuwa imekatika zamani. Na kuzunguka kila riveti rangi imevimba kakipele, ukikabonyeza kwa kidole kanapasuka unatoka unga mweupe. Ule unga ndo ndege yenyewe inavyoondoka, taratibu, na juu imepakwa rangi hakuna anayejua.

Hapa nieleze kidogo maana watu wanadhani alumini haishiki kutu basi mambo yamekwisha. Gari la chuma likiliwa linakwambia, linakuwa jekundu, linatoboka, unaliona. Bati la ndege sio chuma na wala sio alumini ya sufuria, ni alumini iliyochanganywa na shaba kidogo ndo ikapata ugumu, inaitwa durali. Hiyo shaba inayoipa nguvu ndo hiyo hiyo inayoifanya iliwe haraka ikikaa na unyevu. Viwandani walilijua hilo, kwa hiyo bati likawa linafunikwa pande zote mbili kwa utandu wa alumini tupu isiyo na mchanganyiko, ule ndo ngao yake. Utandu wenyewe ni mwembamba mno, kwenye bati la milimita 1 unaweza kuwa sehemu 5 tu kwa 100 ya unene kwa kila upande, karatasi ya daftari ni nene kuliko huo.

Njoo sasa mimi na grainda yangu. Fundi bodi yeyote kitu cha kwanza ni kusugua mpaka bati ling'ae, msasa namba 80, halafu namba ya juu yake, halafu maji. Ndani ya asubuhi moja ule utandu wote nimeshautoa na nimefurahi kwa kazi safi. Napaka puti kwenye mabonde, praima, rangi mbili, laka juu. Siku ya uzinduzi itawaka na mgeni rasmi atapiga picha. Halafu Novemba mvua za huku zinaanza, zinakwenda mpaka Aprili, huku sio kwa kuchezea, na durali bila ngao inaanza kuliwa kwa ndani tabaka kwa tabaka mpaka inachanuka kama kurasa za kitabu kilicholowa, na juu rangi bado nzuri tu. Ongeza na bolti za chuma ambazo fundi kaweka kwa sababu za asili zilikosekana dukani Mwanjelwa. Chuma na alumini vikigusana halafu maji yakaingia katikati, inayoliwa ni alumini, na inaliwa kwa kasi hasa. Hii kitu ukiikuta kwenye bawa huna la kunyoosha tena, unakata unatupa.

Na sio sisi tu. Wamarekani wenyewe na hela zao zote ile Enola Gay, ndege iliyodondosha bomu Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, waliiacha nje kwenye kambi ya Andrews kuanzia 1953 mpaka 1960, ndege wa angani wakajenga viota ndani, watu wakang'oa vipande wakapeleka nyumbani ukumbusho. Kuja kuirekebisha wakaanza Desemba 1984, na mwaka 2003 ndo ikasimama imekamilika kwenye jumba lake, kazi ya karibu saa 300,000 za mafundi. Miaka saba ya kuachwa nje ikaja kulipwa na miaka karibu ishirini ya kazi. Sasa sisi ambao hela ya kubadilisha taa za barabarani inasumbua hizo saa tutazitoa wapi.

Kuna kingine ambacho sisi mafundi tunakidharau, ile rangi ya zamani. Tunaona uchafu. Lakini kwenye ndege ya vita rangi ya zamani ndo cheti chake cha kuzaliwa, chini ya rangi ya juu kuna namba nyingine, chini ya hiyo kuna alama ya kikosi, kuna maandishi ya fundi aliyeandika kwa mkono "usikanyage hapa" kwa Kichina au Kirusi, kuna kiraka kilichopigwa riveti za haraka haraka kwa sababu usiku kucha walikuwa wanaitengeneza asubuhi irudi hewani. Ukisugua umefuta. Hakuna rangi duniani inayorudisha hivyo vitu.

Waingereza wana ndege moja pale London kwenye makumbusho ya jeshi lao la anga, aina ya Halifax, ilipigwa Aprili 1942 ikienda kushambulia meli ya Wajerumani iitwayo Tirpitz, ikatua kwenye ziwa lililoganda huko Norway, barafu ikayeyuka ikazama. Mwaka 1973 wakaitoa majini. Na baada ya kuwaza sana wakaamua iachwe kama ilivyotoka, imeraruka, haina rangi ya kupendeza, na watu wanasimama pale kimya. Hiyo hiyo taasisi mwaka 2013 wakatoa baharini ndege ya Mjerumani, Dornier 17, ya pekee iliyobaki ya aina yake ikiwa karibu nzima, ilikuwa chini ya maji ya chumvi tangu Agosti 1940. Mnajua walichofanya? Waliiweka kwenye mahema marefu ya plastiki wakawa wanainyunyizia maji yenye asidi ya sitriki, ile ile ya kwenye limao, muda mrefu, ili chumvi na uchafu wa bahari vitoke bila kukwaruza bati. Hakuna grainda pale. Hakuna msasa. Nilivyoisoma hiyo nikamwonyesha kijana wangu wa gereji akasema "fundi hao wana muda", nikamwambia ndo makumbusho yenyewe, kazi yake ni kuwa na muda.

Upande wa pili kuna Misri. Mwaka 2012 ilipatikana jangwani ndege ya Kittyhawk iliyoanguka Juni 1942, imekaa miaka 70 kwenye mchanga karibu nzima, jangwa limeitunza vizuri kuliko mtu yeyote angeweza. Ikaja kupelekwa El Alamein kwenye makumbusho ya vita, na kabla ya kuwekwa ikapigwa rangi upya, rangi ambazo haikuwa nazo. Wanaozijua hizi ndege walilia. Miaka 70 ya jangwa ikashindwa kuiharibu, mtu na kopo la rangi akaiharibu. Nikiiona ile picha naona kabisa mkono wa fundi bodi mwenzangu, kapewa kazi, kaifanya kwa moyo wote, na hakuna aliyemwambia.

Hapa kwetu somo tunalo mlangoni. Kimondo cha Mbozi ni chuma, tani nyingi tu, na sijawahi kusikia mtu mwenye akili timamu anasema tukipige silva king'ae. Tumekubali kwamba kimondo ni kimondo. Kwa nini ndege iliyorudi vitani tuione ni gari la harusi?

Kuhusu usalama niseme haraka tu. Ndege za aina hiyo kiti cha rubani kinarushwa na baruti, sasa ile baruti hata iwe ya zamani isichezewe, jeshi lenyewe ndo litoe na lithibitishe kwa maandishi, sio mtoto anapanda kukaa anavuta kishikio. Na saa za kwenye dashibodi za miaka hiyo zinazong'aa gizani, nyingi zilipakwa rediamu ambayo ina mionzi, haiishi leo wala kesho. Tume ya Nguvu za Atomiki ipo, wana vipimo, waitwe wapime kabla mtu hajafungua hata skurubu. Hili wapenda kipilefti sijamsikia hata mmoja akiligusa.

Lakini Mhariri, katika yote haya mimi nina hoja moja ambayo naona ingewafanya wakubwa watusikilize sisi wa Nyanda za Juu. Mkitaka kutunza alumini, hewa ya pwani ni adui, ina joto, ina unyevu mwaka mzima, ina chumvi. Iringa ipo juu kwenye mita 1,500 na zaidi, kavu, kuanzia Mei mpaka Novemba unaweza kuanika chochote, bahari iko mbali kule. Wamarekani ndege zao za akiba maelfu kwa maelfu wameziweka Tucson, Arizona, kwa sababu hiyo hiyo ya ukavu. Kwa hiyo badala ya kuomba ndege kama pambo la mji tungeomba kwa hoja: sisi ndo tuna hali ya hewa ya kutunza. Mbeya mimi napapenda ndo nilipo na ndo ninapokula, lakini kwa mvua za Mbeya lazima nikubali Iringa ndo penyewe, jamaa zangu wa hapa wanisamehe.

Na paa lenyewe sio kitu cha kututisha. MiG-17 ina urefu wa mita 11 na kidogo, mabawa kutoka ncha hadi ncha hayafiki mita 10. Banda la mita 15 kwa 15 linaitosha na watu wanazunguka. Sisi ambao tunajenga maghala ya mahindi ya kuingiza malori, Makambako huko, Vwawa huko, tushindwe banda la ndege moja? Sakafu ya zege isiyotoa vumbi, kuta mbili wazi juu hewa ipite, wavu wa kuzuia popo na njiwa maana kinyesi cha njiwa kinakula bati vibaya, basi. Ndege ikifika inainuliwa kwenye stendi za chuma zenye mpira juu ili matairi yasibebe uzito, mafuta na haidroliki vinamwagwa vyote, vitundu vya chini vinazibuliwa, inaoshwa kwa maji safi na sabuni laini, inapigwa picha kila sehemu na kila kitu kinaandikwa daftarini kabla hakijaguswa. Mwaka mzima wa kwanza mtu asishike brashi ya rangi. Usafiri ni mabawa kufunguliwa na semi la lobedi, mlima wa Kitonga dereva atapanda polepole, wameshapandisha mitambo mizito kuliko hiyo.

Mikono ipo. Chuo cha ufundi cha VETA kipo Mbeya na kipo Iringa, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia kipo hapa hapa Mbeya, karakana ya TAZARA ina watu wanaojua riveti na mashine za Kichina tangu zikiwa mpya, na chuo cha usafirishaji cha NIT Dar kinafundisha matengenezo ya ndege, vijana wake wangekuja field huku wakajifunza kwa kitu kinachoshikika. Iringa Boma tayari ni makumbusho, watu wake wanajua kuandika lebo na kupokea wageni. Kalenga hapo pembeni silaha za wakati wa Mkwawa zipo ndani ya nyumba, hakuna aliyeziweka barabarani zinyeshewe.

Kinachonitia wasiwasi ni muda na skrepa. Sheria yetu ya mambo ya kale ya mwaka 1964 macho yake yapo kwenye vitu vya zamani sana, vya kabla ya 1863, hivi vya juzi juzi mpaka vitangazwe rasmi. Kwa hiyo ndege ya 1978 kwa umri wake tu haina wa kuitetea, ikishafutwa kwenye vitabu ni kilo za alumini, na bei ya alumini mnaijua. Ningeomba wabunge wetu wa huku wakiongelea utalii kusini waulize hilo swali: zile zilizobaki zipo ngapi, zipo wapi, nani anazihesabu. Na wakati wanauliza, mtu akae na wazee arekodi, sio marubani tu, na wale mafundi wa ardhini waliokuwa wanajaza mafuta na kubadilisha matairi usiku bila taa. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka ule sa hivi anakaribia 70. Simu zetu zote zina kinasa sauti, hii haihitaji bajeti wala semina.

Mimi kwa upande wangu stendi za kuinulia nachomelea bure, mashine ninayo na vyuma nitatafuta, mnipe vipimo tu. Puti na grainda nitaviacha Ilomba. Mwenye ghala tupu Iringa ambalo halivuji naye ajitokeze kwenye ukurasa huu huu tuongee.

Wako,
Fundi bodi, Ilomba, Mbeya